Sura ya Tano: Visindano Vinavyoyeyuka

Bibi yangu alikuwa na chale mbili juu ya kila kifundo cha mguu, nyembamba kama nyuzi, rangi ya majivu. Alichanjwa utotoni, akapakwa dawa ya unga pale pale damu ilipochuruzika. Mimi nina kovu moja tu, la mviringo, kwenye bega la kulia, la chanjo ya kifua kikuu niliyopewa nikiwa na siku chache. Siku moja nilimuuliza kwa nini yeye ana mistari na mimi nina duara. Akanijibu: "Wewe umechanjwa hospitali, mjukuu wangu. Mimi nimechanjwa nyumbani." Kwake kitenzi kilikuwa kimoja.

Jibu lile limenirudia kila nilipokaa kuandika sura hii. Kiswahili kingeweza kuipa chanjo jina la sindano, kwa kuwa sindano ndiyo inayoonekana na ndiyo inayoliza watoto. Kikachagua kuchanja, yaani kuikwaruza ngozi juujuu ili kitu kipite. Neno limehifadhi habari ambayo tiba yenyewe iliiweka kando kwa miaka mingi, kwamba chanjo ilianzia kwenye ngozi. Sasa wako wahandisi na madaktari wanaoirudisha huko huko, na wameanza na ugonjwa ambao wengi wetu hatuupi uzito: homa ya mafua.

Niseme wazi kwamba sitetei wembe wa mganga. Wembe mmoja uliopita kwa watu wengi umepeleka maradhi kutoka damu ya huyu hadi damu ya yule, na hilo halina mjadala. Ninachokifuata hapa ni mahali pale palipochanjwa.

Mahali hapo pana historia ndefu, na sehemu yake ni ya Waafrika. Katika mji wa Boston, Marekani, aliishi mtumwa wa Kiafrika aliyeitwa Onesimus, mali ya mhubiri Cotton Mather kwa sheria za wakati ule. Alimweleza bwana wake kwamba kwao mtu huchanjwa mkononi na kutiwa usaha kidogo wa ndui, akaugua kidogo, kisha ndui isimrudie tena maishani. Akamwonyesha na kovu lake. Ndui ilipoingia Boston mwaka 1721, habari hiyo ndiyo iliyomfanya Mather awahimize madaktari wajaribu. Waliochanjwa walikufa wachache mno kuliko walioupata ugonjwa wenyewe. Hiyo ni miaka 75 kabla ya Edward Jenner wa Uingereza kuchanja mtoto wa miaka minane kwa ndui ya ng'ombe, mwaka 1796, naye pia akakwaruza ngozi ya mkono. Na ndui ilipokuja kufutwa duniani, chombo kilichotumika kilikuwa sindano fupi yenye ncha mbili kama uma, iliyochovywa kwenye dawa na kudonolewa juu ya ngozi mara 15. Mgonjwa wa mwisho kuambukizwa ndui kwa njia ya asili, Ali Maow Maalin, alipatikana Oktoba 1977 katika mji wa Merca, pwani ya Benadiri, kusini kidogo mwa Mogadishu, ukanda ule ule wa Barawa ambako watu huzungumza Chimini, Kiswahili chao. Alikuwa mpishi wa hospitali. Alikuja kueleza baadaye kwamba aliikwepa chanjo kwa kuiogopa, kwa sababu ilionekana inauma. Alipona, na katika miaka yake ya mwisho akawa anazunguka akiwasihi wazazi wachanje watoto wao dhidi ya polio, hadi alipofariki mwaka 2013.

Nimemtaja Maalin kwa makusudi. Watu husema woga wa sindano ni utoto. Mgonjwa wa mwisho katika mnyororo wa maradhi ulioua binadamu kwa karne nyingi alikuwa mtu mzima aliyefanya kazi hospitalini na akaogopa maumivu.

Chanjo nyingi za leo hupita ngozi bila kusimama. Sindano ya mtu mzima, yenye urefu wa takriban sentimita 2.5, inazama hadi kwenye msuli wa bega na kuacha dawa humo. Ni njia rahisi kwa muuguzi na imeokoa watu wasiohesabika. Ila msuli hauna askari wengi wa kinga. Askari wako ngozini. Mwaka 1868, mwanafunzi wa udaktari wa Berlin, Paul Langerhans, kijana wa miaka 21, alipaka kipande cha ngozi ya binadamu rangi yenye dhahabu na kukiweka chini ya hadubini. Akaona seli zenye matawi, zimetandaa kama mizizi ya mkoko. Alidhani ni za neva. Ilichukua zaidi ya miaka 100 kutambua kwamba seli za Langerhans ni walinzi wa mlangoni. Hukamata kipande cha kirusi au bakteria kinapopenya, hukipeleka hadi kwenye mitoki ya kwapani au ya kinena, na huko hukionyesha kwa seli zinazoongoza utengenezaji wa kingamwili. Chini yake kidogo, katika tabaka la pili la ngozi, wako walinzi wengine wa kazi hiyo hiyo.

Basi kwa nini tusimkabidhi dawa mlinzi mwenyewe? Swali hili lilipata uharaka wake mwaka 2004. Mwezi Oktoba, wasimamizi wa dawa wa Uingereza walisimamisha leseni ya kiwanda kimoja cha Liverpool kwa sababu ya uchafuzi, na Marekani ikapoteza karibu nusu ya dozi za chanjo ya mafua ilizozitegemea msimu ule. Wazee walipanga foleni nje ya kliniki tangu alfajiri. Mwaka huo huo yalichapishwa majaribio mawili ya watu waliodungwa chanjo ya mafua ndani ya ngozi badala ya msuli. Katika moja, vijana wenye afya walipewa moja ya tano tu ya dozi, na kingamwili zao zikapanda kama za waliopewa dozi nzima. Katika la pili dozi ilikuwa asilimia 40. Kwa vijana ilitosha, kwa waliozidi miaka 60 ikawa dhaifu. Haikuwa dawa ya kila mtu, lakini ilionyesha kwamba ngozi inatumia kidogo kufanya kingi.

Tatizo ni mkono wa kuipeleka. Muuguzi yeyote aliyewahi kuchanja watoto wachanga kwa chanjo ya kifua kikuu anaujua ufundi wenyewe: uilaze sindano karibu ilale kabisa juu ya ngozi, ncha ikitazama juu, uingize kidogo, usukume polepole hadi kitokee kilengelenge cheupe kama punje. Ukizama nusu milimita zaidi umekosea, na mtoto hatulii akusubiri. Ngozi yote ya bega ina unene wa milimita mbili hivi. Huwezi kuwafundisha mamilioni ya watu kupiga sindano kwenye kitu chembamba hivyo. Kampuni moja ilitoa chanjo ya mafua yenye sindano ya milimita 1.5, ikaidhinishwa Ulaya mwaka 2009 na Marekani mwaka 2011, kisha ikaondoka sokoni. Ilikuwa bado ni sindano, na bado ilimhitaji muuguzi.

Jibu lilitoka kwenye ufundi wa watu wa kompyuta. Huko Atlanta, katika Georgia Institute of Technology, mhandisi Mark Prausnitz na wenzake walichukua ufundi wa kuchonga chipu za silikoni, wakachonga visindano vya urefu wa milimita 0.15. Mwaka 1998 walionyesha kwamba vikibandikwa kwenye kipande cha ngozi ya binadamu, ngozi ile iliyokuwa imefungwa kabisa inapitisha kitu zaidi ya mara 1,000 kuliko mwanzo. Kinachozuia vitu kuingia mwilini ni tabaka la juu kabisa la seli zilizokufa, jembamba kuliko karatasi hii unayoisoma. Ukilitoboa hilo, mlango uko wazi, na neva nyingi za maumivu umeziacha chini.

Silikoni ilikuwa mwanzo tu. Hatua niipendayo zaidi ilikuja walipoacha kutengeneza sindano inayobeba dawa, wakatengeneza sindano ambayo yenyewe ndiyo dawa. Fikiria mama anayeuza barafu za ubuyu: ana kalibu, anamimina, anagandisha, anatoa. Maabara ilifanya mfano wa hayo. Wanatengeneza kalibu laini ya mpira wa silikoni yenye vishimo vilivyochongoka, wanamimina mchanganyiko wa chanjo, sukari na polima inayoyeyuka kwenye maji, wanauvuta uingie hadi ncha ya kila kishimo, wanaukausha, kisha wanabandua. Kinachotoka ni kibandiko cha ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, chenye visindano 100, kila kimoja milimita 0.65. Kwa mbali kinaonekana laini. Ukikikaribia kinafanana na ulimi wa paka. Kikikandamizwa mwilini, visindano vinaingia, vinakutana na unyevu wa ngozi, vinayeyuka kama sukari kwenye chai, na chanjo inabaki pale walipo walinzi. Ukikibandua umebaki na kipande kisicho na ncha. Hakimchomi mtu, hakihitaji lile boksi la manjano la sindano zilizotumika, unaweza kukitupa na taka za kawaida.

Mwaka 2010 walikijaribu kwa panya. Miezi mitatu baada ya chanjo, panya waliobandikwa waliviondoa virusi mapafuni vizuri kuliko waliochomwa sindano. Panya lakini si watu, na miaka mingine mitano ilipita kabla ya zamu ya watu kufika.

Kwa nini mafua, katika maradhi yote? Jina lenyewe linatudanganya. Tukisema mafua tunafikiria kamasi, kitambaa na chai ya tangawizi. Homa ya mafua yenyewe, ile ya kirusi cha influenza, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani inaua watu kati ya 290,000 na 650,000 kila mwaka kwa matatizo ya kupumua peke yake. Kirusi chake hakitulii. Kinajigeuza, kwa hiyo kila Februari wataalamu huchagua aina za kuwekwa kwenye chanjo ya kaskazini mwa dunia, na kila Septemba huchagua za kusini. Mtu anatakiwa kuchanjwa upya kila mwaka, maisha yake yote. Hapo ndipo sindano inapochosha. Marekani ina chanjo kila duka la dawa, na bado miaka mingi chini ya nusu ya watu wazima ndio wanaojitokeza. Kwa mwanasayansi mafua yana faida moja zaidi: chanjo yake inajulikana kwa miaka mingi, kwa hiyo linalojaribiwa ni njia peke yake.

Kati ya Juni na Septemba 2015, watu wazima 100 wa miaka 18 hadi 49 waliingia kwenye jaribio katika kliniki ya Chuo Kikuu cha Emory, hapo hapo Atlanta, chini ya daktari Nadine Rouphael. Waligawanywa makundi manne. Kundi la kwanza walichomwa sindano ya kawaida. La pili walibandikwa na mhudumu. La tatu walibandikwa kibandiko kitupu kisicho na chanjo. La nne, na hili ndilo linalonigusa, walipewa kibandiko wajibandike wenyewe.

Hebu tulitazame kundi hilo kwa karibu. Mtu ameketi, mkono wa kushoto juu ya meza, kiganja chini. Anaonyeshwa namna ya kufanya, kwa maelezo mafupi. Anakiweka kibandiko nyuma ya kifundo cha mkono wake, pale saa inapovaliwa, anakikandamiza kwa dole gumba hadi kitoe mlio mdogo, tak. Mlio huo umetengenezwa makusudi: unamwambia nguvu imetosha, aache kukandamiza. Anakaa dakika 20. Anakibandua. Amejichanja.

Baadaye watafiti walipima ni chanjo kiasi gani iliyobaki kwenye vibandiko vilivyotumika, na wakakuta wasio na mafunzo yoyote ya uuguzi wameingiza sawasawa na wahudumu. Siku ya 28 kingamwili zilikuwa zimepanda kwa kiwango kinachofanana na cha sindano, na baada ya miezi sita bado zilikuwapo. Wengi waliobandikwa walipata mwasho, wekundu na ngozi kuuma kidogo ikiguswa, mambo yaliyopita yenyewe baada ya siku chache. Walipoulizwa wangependa nini mwakani, asilimia 70 ya waliobandikwa walichagua kibandiko. Matokeo yalichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2017.

Magazeti yalishika neno moja: haina maumivu. Ni kweli, na nimeshasema kwa nini jambo hilo si dogo. Lakini katika ripoti ile kuna jambo jingine ambalo kwetu lina uzito mkubwa zaidi. Chanjo iliyokaushwa ndani ya vibandiko vile ilikaa kwenye joto la nyuzi 40 kwa mwaka mzima bila kuharibika.

Chanjo ya kawaida huishi kati ya nyuzi 2 na 8. Ikipata joto inaharibika, na ya mafua ikiganda vilevile inaharibika. Kila mmoja anayeishikilia njiani, kuanzia uwanja wa ndege, bohari ya mkoa, friji ya wilaya, hadi kile kisanduku cha bluu kinachofungwa nyuma ya pikipiki, ndugu wa deli la muuza aiskrimu, anaibeba kama mtu aliyebeba moto kwenye kigae. Nimewahi kukaa asubuhi nzima katika zahanati ya kijiji nikitazama kazi hii. Muuguzi alifungua kisanduku, akashika kichupa kimoja cha chanjo ya surua na rubela, akakigeuza kwenye mwanga wa dirishani. Kwenye kifuniko kuna kiduara cha zambarau chenye kiboksi cheupe katikati. Kadiri kichupa kinavyopata joto, kiboksi kinaiva. Kikilingana rangi na duara, chanjo imekufa. Chake kilikuwa bado cheupe. Akakirudisha.

Mama mmoja alikuwa peke yake kwenye benchi, mtoto amelala mgongoni. Alikuwa ametembea tangu saa kumi na mbili.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Subiri kidogo, pengine watakuja wengine."

Sikuelewa. Muuguzi akanieleza kwa sauti ya chini. Kichupa kile kina dozi 10 za unga. Kikishachanganywa na maji yake kinakaa saa sita tu, kinachobaki kinamwagwa. Akifungulia mtoto mmoja, tisa zinapotea, na za mwezi ule zimehesabiwa. Asipofungua, mama yule anaweza asirudi. Alisubiri hadi saa tano. Hakuja mwingine. Akafungua, akachanja, akaandika kwenye kadi, na sikumwona akikitazama tena kichupa kile.

Kibandiko ni dozi moja kwa mtu mmoja. Hakina cha kuchanganya, hakina cha kumwaga. Kwa sababu hiyo, Gavi, Shirika la Afya Duniani, UNICEF na washirika wao walipokaa kuchambua njia mpya za kupeleka chanjo, mwaka 2020 waliviweka vibandiko hivi mbele ya nyingine zote, wakizilenga zaidi nchi ambazo friji ziko mbali. Kwa mafua peke yake, hata uwezo wa kukaa mwaka mzima nje ya friji unatosha kabisa, maana chanjo yenyewe haina kazi msimu ukiisha. Nasi wa karibu na Ikweta, ambao mafua hayatupigi kwa majira ya baridi kama Atlanta bali hutuzungukia mwaka mzima, tungeweza kukiweka kwenye droo ya shule ya kata au kwenye duka la dawa lisilo na umeme.

Hakijafika huko. Kutoka watu 100 hadi mamilioni kuna kiwanda kizima katikati. Kila kibandiko lazima kitoke kisafi bila kijidudu, kila kisindano kiwe kimejaa hadi nchani, na mashine za kufanya hivyo kwa wingi hazinunuliwi sokoni, zinabuniwa. Viwanda vya chanjo ya mafua tayari vina mitambo ya kujaza vichupa na mabomba ya sindano, imeshalipiwa, inafanya kazi. Naona hapo ndipo penye kizuizi kikubwa kuliko sayansi. Anayeumia kwa kukosa friji siye anayepanga bei, na asiyeumia hana haraka.

Kwa hiyo kazi ilihamia kwenye ugonjwa ambao haja yake ni kubwa zaidi, na ikahamia Afrika. Nchini Gambia, katika kituo cha utafiti cha Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, watafiti walikijaribu kibandiko cha surua na rubela, kilichotengenezwa na kampuni ya Atlanta iliyozaliwa na kazi ya Prausnitz. Walianza na watu wazima 45, wakaja kwa watoto 120 wa miezi 15 hadi 18, wakamalizia na wachanga 120 wa miezi tisa na kumi. Kibandiko kilikaa mkononi dakika tano tu. Matokeo yalitoka mwaka 2024: dozi moja ya kibandiko iliwakinga na surua zaidi ya asilimia 90 ya wale wachanga, na rubela wote. Wazazi, zaidi ya tisa katika kumi, walisema wangekichagua kuliko sindano.

Lakini jaribio lilihitaji kwamba hata mzazi asijue mtoto wake yuko kundi lipi, wala anayempima asijue. Njia ilikuwa moja. Kila mtoto alibandikwa kibandiko na kila mtoto alichomwa sindano, kimoja kikiwa na chanjo na kingine kitupu. Watoto wale 240 wa Gambia walilia kwa sindano wote, hata ambao kinga yao ilikuwa ikiyeyuka kimya kimya kwenye kifundo cha mkono, huku mama ameshika kiganja kidogo kisivutwe, akihesabu dakika.